Mzee anataka kifaa cha usikivu kisichoonekana: tumchagulie kipi?

Swali la msomaji: Habari za kazi, daktari. Baba yangu ana umri wa miaka 71. Kwa miaka kadhaa sasa tunamwita mara mbili tatu ndipo aitike, televisheni anaifungulia hadi nyumba nzima inajaa kelele, na tukiwa wengi mezani ananyamaza tu. Tumempeleka kupimwa. Masikio yote mawili yanakaribiana: 500 Hz desibeli 30, 1000 Hz desibeli 40, 2000 Hz desibeli 55, 4000 Hz desibeli 70. Tuliambiwa tatizo ni la sikio la ndani, dawa yake hakuna, avae shimesikio, yaani kifaa cha usikivu. Mwenyewe anataka kile kidogo kinachozama ndani ya sikio, watu wasikione. Kaka yangu anasema tuanze na kimoja. Mimi nimeona mtandaoni vinavyouzwa bila kipimo, tena kwa bei ndogo sana. Vidole vya baba vinatetemeka kidogo na macho ya karibu yamepungua. Tumchagulie kipi?

Jibu: Nzuri, dada yangu, na pole kwa kuhangaika na mzee. Nakushukuru kwa kuandika namba za kipimo. Wengi huniuliza kifaa kipi ni bora bila kunipa namba yoyote, na hapo sina la kuwajibu. Wewe naweza kukujibu.

Kwa usikivu wa namna hii, na kwa vidole hivyo, ningemshauri mzee avae vifaa viwili, kila sikio na chake, vya aina inayokaa nyuma ya sikio huku spika yake ndogo ikiingia ndani ya mfereji wa sikio. Viwe vya kuchaji. Na viwekwe na mtu mwenye chombo cha kuvipima vikiwa vimevaliwa. Umbo mnaweza kubishana nalo na mkafika mahali, lakini hilo la kipimo nisingelilegeza hata kidogo, kwa sababu nitakazozieleza mbele.

Tuanze na karatasi yenu. Zile namba za 500 hadi 4000 ni unene na wembamba wa sauti: 500 ni sauti nzito, 4000 ni nyembamba. Desibeli ni nguvu ambayo sauti hiyo inahitaji ili mtu aanze tu kuisikia. Shirika la Afya Duniani hupanga ngazi za upungufu kwa kuchukua wastani wa namba hizo nne kwenye sikio lenye nafuu. Wastani wa mzee ni desibeli 48.75. Chini ya 20 ni usikivu wa kawaida, 20 hadi chini ya 35 ni upungufu mdogo, 35 hadi chini ya 50 ni wa kati. Kuanzia 50 mtu anaingia ngazi nyingine inayoelekea upungufu mkubwa, ambao wenyewe huanza kwenye 65. Kwa hiyo mzee yuko ngazi ya kati, karibu kabisa na kuvuka.

Wastani huo, hata hivyo, unaficha jambo kubwa kuliko linaloonyeshwa. Tazama mteremko: 30, 40, 55, 70. Sauti nzito anazisikia karibu vizuri, nyembamba amezipoteza sana. Katika maneno, nguvu nyingi ya irabu iko upande wa sauti nzito. Konsonanti kama s, f, t na sh ni hafifu, na zinakaa kule juu ambako mzee amepungukiwa. Mwambie "taa", "saa", "faa" ukiwa umempa kisogo. Kinachomfikia ni "aa" peke yake; mwanzo wa neno anaubahatisha. Ndiyo maana watu wa aina yake husema "nakusikia, ila sikuelewi", na wanasema kweli tupu. Ndiyo maana pia kumpigia kelele hakusaidii. Ukipaza sauti unaongeza irabu, ambazo hakuwa amezikosa, konsonanti zinabaki nyuma vilevile, naye anaona anafokewa.

Anachohitaji basi ni kifaa kinachoacha sauti nzito karibu kama zilivyo na kuinua zile nyembamba kwa kiasi cha kutosha. Hilo ndilo linaloamua umbo.

Kile kidogo anachokitamani huziba mfereji wa sikio. Kwa mtu ambaye sauti nzito bado anazo, kuzibwa ni adha ya kutwa nzima. Jaribu mwenyewe sasa hivi: ziba masikio yote mawili kwa vidole, kisha hesabu moja hadi kumi kwa sauti yako ya kawaida. Utajisikia unavuma kama unaongea ndani ya pipa. Tafuna kitu kikavu ukiwa bado umeziba, uone. Mtengenezaji anaweza kutoboa kijitundu cha hewa ili kupunguza hali hiyo, lakini kwenye kifaa kidogo hivyo nafasi ya tundu la maana haipo. Tundu likipanuliwa, sauti inayotoka kwenye spika inarudi kwenye maikrofoni iliyo milimita chache tu kutoka hapo, na kifaa kinaanza kupiga mluzi.

Halafu kuna vidole. Vifaa vidogo kabisa mara nyingi hutumia betri namba 10, yenye kibandiko cha njano, ambayo upana wake haufiki milimita 6. Hudumu siku chache, pengine wiki. Mzee atatakiwa kubandua kile kibandiko, kusubiri kidogo hewa iingie, kuiweka upande unaotakiwa, kisha kufunga kijimlango ambacho hakioni sawasawa. Ikianguka sakafuni hataiona. Wapo wazee waliotaka sana kusikia ila wakaacha kuvaa kwa sababu ya betri tu, na familia ikadhani ni ukaidi. Ongeza kwamba vifaa hivyo vidogo mara nyingi vina maikrofoni moja, kwa hiyo havina uwezo wa kulenga sauti ya mtu aliye mbele na kupunguza inayotoka nyuma. Nawe umesema taabu yake kubwa ni mezani, watu wakiwa wengi.

Sisemi kwamba vifaa vya ndani ni vibaya. Anayevaa miwani yenye mikono minene huona nafuu kwa kukosa kitu nyuma ya sikio. Simu ya mkononi inakaa sikioni kama kawaida, na upepo hausumbui sana kwa kuwa maikrofoni imejificha. Mtu mwenye vidole imara, mfereji mkavu na upungufu uliosambaa kote, nzito kwa nyembamba, anaweza kufurahi navyo kwa miaka. Mzee wako hayumo katika kundi hilo.

Sasa hicho ninachompendekezea. Nyuma ya sikio kinakaa kiganda chepesi chenye maikrofoni mbili, kompyuta ndogo na betri. Kutoka hapo unashuka waya mwembamba sana hadi kwenye mfereji, na mwisho wake kuna spika ndogo iliyovishwa kikofia laini cha silikoni. Vikofia ni vya aina mbalimbali. Vyenye matundu makubwa huacha sikio wazi, sauti nzito zikaingia na kutoka zenyewe; vilivyofunga zaidi hutumika sauti nzito nazo zikiwa zimepotea. Kwa desibeli 30 kwenye 500 Hz ningeanza na kile cha wazi au cha nusu wazi, halafu niangalie kama kinatosha kufikisha nguvu inayotakiwa kule 4000 bila mluzi. Kikishindwa, kuna kikalibu, yaani umbo linalochongwa kutokana na alama ya sikio lake mwenyewe, chenye tundu la hewa. Kikalibu kina faida nyingine kwa mzee huyu: kinaingia mahali pamoja tu, kwa namna moja tu, kwa hiyo vidole vinavyotetemeka havihangaiki sana kukitafutia mahali.

Aina hii ina udhaifu wake. Spika inakaa palepale penye joto, jasho na nta. Kuna kichujio kidogo cha nta kwenye ncha yake ambacho hubadilishwa mara kwa mara, na asilimia kubwa ya vifaa ninavyoletewa vikisemwa "vimekufa" huwa vimeziba hapo tu. Kama masikio ya mzee hutoa nta nyingi, au huloa, chagueni kile cha nyuma ya sikio ambacho spika iko ndani ya kiganda na sauti inapita kwenye kijibomba hadi sikioni. Kijibomba kikiziba kinasafishwa au kubadilishwa, maisha yanaendelea. Kifaa hicho kina nguvu zaidi pia, na ndicho tunachowapa wenye upungufu mkubwa na watoto. Kwa mtoto, kiganda kinabaki kilekile na kikalibu pekee ndicho kinachotengenezwa upya kila sikio linapokua.

Kuhusu kutoonekana, naomba msimcheke mzee wala kumkatiza. Kwa wengi kifaa sikioni ni kukubali hadharani kwamba umri umefika, na hilo ni zito kwake kuliko mnavyoliona ninyi. Badala ya kubishana, mpelekeni akajaribishwe vyote viwili. Avalishwe cha nyuma ya sikio chenye rangi inayokaribiana na nywele zake, asimame mbele ya kioo, kisha ninyi msimame hatua mbili pembeni mmwambie mnaona nini. Waya ule ni mwembamba kiasi kwamba wengi hushangaa. Uamuzi ubaki wake. Kifaa ambacho watoto wamemwamulia hakivaliwi.

Suala la betri nimelitaja kijuujuu, niliongezee kidogo. Vya kuchaji huingizwa kwenye kisanduku chake usiku na kutolewa asubuhi vikiwa tayari kwa siku nzima, hakuna cha kubandua wala kufungua. Kwa mzee wako hilo peke yake linatosha kuniamulia. Tatizo ni pale umeme usipoaminika au akisafiri akasahau chaja, na baada ya miaka kadhaa betri ya ndani huchoka ikabidi kirudi kwa fundi. Mkilazimika kutumia za kubadilisha, tafuteni kifaa kinachotumia namba 13, yenye kibandiko cha rangi ya chungwa, ambayo ni nene na inashikika. Muhimu: betri hizi zikimezwa na mtoto zinaweza kumuunguza ndani kwa saa chache tu. Zikae mbali na wajukuu, pamoja na zile zilizokwisha nguvu.

Kaka yako anataka kimoja kwanza, nadhani ni kwa sababu ya gharama, na simlaumu. Ila masikio ya mzee yanalingana, na ubongo hutumia tofauti ndogo kati ya sikio la kulia na la kushoto kujua sauti inatoka wapi na kuitenga na kelele. Akivaa kimoja, mezani atamsikia aliye upande huo, wa upande wa pili atabaki kama zamani. Tena sikio linaloachwa bila msaada kwa miaka linaweza kupungua uwezo wa kutambua maneno, hata pale sauti inapolifikia. Fedha zikiwa haba, ningechagua viwili vya daraja la chini kabla ya kimoja cha daraja la juu.

Na hili nalisema nikiwa na sababu. Watengenezaji hugawa vifaa vyao kwa madaraja, na tofauti ya bei kati ya daraja la kwanza na la mwisho ni kubwa mno. Robyn Cox na wenzake wa Chuo Kikuu cha Memphis, Marekani, waliwapa wazee vifaa vya daraja la chini na vya daraja la juu wakavitumia katika maisha yao ya kawaida, wakalinganisha. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2014 na 2016, hayakuonyesha tofauti ya maana katika kuelewa mazungumzo wala katika ubora wa maisha. Vyote viliwasaidia. Kwa hiyo ukiambiwa kifaa kina chaneli nyingi kuliko kingine, yaani kinagawa sauti katika vipande vingi zaidi vya kurekebishwa kimoja kimoja, usiitikie upesi. Uliza mambo yenye kazi kwa mzee: kina maikrofoni zinazolenga mbele? Kinaungana na simu yake? Kinapokea maikrofoni ya pembeni, ile inayowekwa mezani au kubanwa kwenye nguo ya msemaji? Hiyo ya pembeni ningeitamani kwake kuliko daraja la juu. Mahali pa wazi sauti hupungua desibeli 6 hivi kila umbali unapoongezeka maradufu, na hakuna akili ya kifaa inayolipa deni hilo vizuri kama kusogeza maikrofoni karibu na mdomo.

Vile vya mtandaoni vya bei ndogo viko vya namna mbili, na wauzaji huvichanganya. Vingi ni vikuza sauti tu. Vinapandisha kila kitu kwa pamoja, sahani, pikipiki, feni na sauti yako, vingine bila kizuizi cha kuaminika juu ya kelele kubwa. Mzee mwenye mteremko kama wake atapata irabu zinazomgonga kichwani na konsonanti zilezile zilizofifia. Vingine ni vifaa halisi vilivyokusudiwa mtu mzima ajipimie na kujirekebishia kwa programu ya simu, kwa upungufu mdogo hadi wa kati. Hivyo si vya kudharau. Lakini mzee yuko mwisho kabisa wa kiwango hicho, kule 4000 amekipita, na sidhani kwamba angefurahia kujirekebishia kwa simu. Simshauri.

Sasa kile nilichosema sitakilegeza. Masikio mawili yenye karatasi moja ya kipimo hayapokei sauti sawasawa, kwa sababu mifereji inatofautiana urefu, upana na mikunjo. Programu ya mtengenezaji hukisia kwa kutumia sikio la wastani. Kipimo cha ndani ya sikio huondoa kubahatisha. Mzee anakaa mbele ya spika. Kijibomba laini cha silikoni, chembamba kama utambi, kinaingizwa hadi karibu na kiwambo cha sikio, ile ngozi nyembamba iliyo mwisho wa mfereji, halafu kifaa kinavalishwa juu yake. Spika inasoma maneno kwa sauti ya chini, ya kati, kisha ya juu. Kwenye skrini inatokea mistari inayoonyesha nguvu halisi inayokifikia kiwambo, kando ya mstari wa lengo uliokokotolewa kutokana na namba zake. Kwa watu wazima lengo linalotumika sana ni la NAL-NL2, kutoka maabara ya kitaifa ya akustika ya Australia. Mtaalamu anapandisha na kushusha hadi mistari ikaribiane. Sauti ya chini lazima ipandishwe zaidi kuliko ya juu, na kishindo kisivuke kiwango anachoweza kukivumilia. Kazi hiyo yote haichukui muda mrefu, lakini matokeo yake mtu huyasikia kila siku.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, ulizeni wazi: mtampima vikiwa ndani ya sikio? Atarudi mara ngapi kurekebishiwa bila kulipa tena? Kuna siku za kujaribu, na akivirudisha anarudishiwa kiasi gani? Vipuri, vikofia na vichujio vinapatikana hapahapa? Anayejibu maswali hayo kwa kuwaonyesha ukurasa wa rangi za vifaa, tafuteni mwingine. Na mkiwa hapohapo, mwacheni mzee avae, avue na kuweka kwenye chaja kwa mikono yake mwenyewe, wewe ukiwa umeketi mbali, usimsaidie.

Umesema mliambiwa ni sikio la ndani. Hakikisheni kwamba karatasi ina mstari wa pili, ule wa sauti iliyopitishwa kwenye mfupa nyuma ya sikio, nao unakwenda sambamba na ule wa kwanza. Ukiwa juu zaidi, yaani mfupa unasikia vizuri kuliko hewa, basi kuna kitu kinachozuia sauti njiani, na daktari wa masikio, pua na koo amwone kabla ya kifaa. Vivyo hivyo kukiwa na usaha, maumivu, kizunguzungu, mlio unaopiga sambamba na moyo, au sikio moja kupungua kuliko jingine. Na usikivu ukipotea ghafla, ndani ya siku tatu au pungufu, hiyo ni dharura. Siku za mwanzo ndizo zenye nafasi ya matibabu. Nalisema pia kwa wasomaji wengine: sikio linalotoa usaha mara kwa mara halifai kuzibwa, na mwenye nalo anaweza kufaa kifaa kinachopitisha sauti kwenye mfupa. Aliyekufa sikio moja kabisa ana kifaa chake, kinachohamisha sauti kwenda upande wa sikio linalosikia. Na ambaye hata vifaa vyenye nguvu havimpi maneno, apelekwe mapema kuchunguzwa kuhusu kipandikizi cha koklea, kifaa kinachowekwa kwa upasuaji ndani ya sikio, asisubiri miaka.

Mzee atakapoanza, atasikia maji ya bomba, nyayo zake na karatasi kwa ukali atakaolalamikia. Ubongo wake haujazipata sauti hizo kwa muda mrefu. Mwanzo avae ndani ya nyumba, akiongea na mtu mmoja, kisha aongeze saa hadi avae kutwa. Wengi huhitaji wiki kadhaa, wengine miezi. Wewe mwandikie kwenye daftari kila kinachomsumbua, kwa maneno yenye mahali na sauti yake. "Sahani zikigongana zinamuumiza" inamwambia mtaalamu ashushe nini. "Sauti yake mwenyewe inamvumia" inamwambia abadilishe kikofia. "Anasikia sebuleni, mezani haelewi" ni suala la maikrofoni na mahali anapoketi. Ukisema tu "hakimfai", mtaalamu hana pa kuanzia. Daftari hilo nendeni nalo kwenye marekebisho ya kwanza, na mzee aketi kiti cha mbele, azungumze yeye.